Mgonjwa karudishwa nyumbani, wamesema hakuna tiba tena: mwongozo kamili wa kumuuguza siku zake za mwisho

"Dada, mgonjwa hali kabisa leo siku ya tatu, tumtafutie dripu?" Hilo ndo swali la kwanza. La pili ni "ile dawa ya maji walotupa tunampa akizidiwa tu, si ndo hivo?" Nimewajibu watu mmoja mmoja kwa simu mpaka nimeona bora niandike yote sehemu moja, maana wanaouliza ni watu wanaompenda mgonjwa wao, wanakesha, wengine wameacha biashara zao, na bado mgonjwa anateseka kwa vitu ambavyo vilikuwa vinazuilika kabisa.

Mimi sio daktari. Nilimuuguza mama yangu mzazi miezi minne nyumbani Tanga, kansa ya shingo ya kizazi, nikakosea mengi, baadae manesi wa tiba shufaa wakanifundisha nikawa natembea nao majumbani. Tiba shufaa ni ile huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa hata kama ugonjwa wenyewe hauponi tena. Hospitali wakisema hakuna tiba wanamaanisha tiba ya ugonjwa. Kazi kwa mgonjwa bado ipo, tena nyingi, na sehemu kubwa unaifanya wewe.

Dozi yoyote ya dawa fuata ya daktari au nesi wako. Hapa sikupi vipimo vya dawa, nakupa namna ya kuzitumia.

## Andaa hivi kwanza

- Dawa zote alizoandikiwa, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Hio ya choo usiiache, ntaeleza kwanini.
- Sirinji za mililita 5 na 10 bila sindano, za kupimia dawa ya maji. Kijiko cha nyumbani hakipimi sawa.
- Daftari la shule na kalamu iliyofungwa kwa uzi isipotee, na simu yenye alamu.
- Mpira wa kutandikia, ule ule wanaonunuaga wajawazito kwenda kujifungulia.
- Kanga au vitenge vikuukuu vilivyolainika, visipungue vinne. Tafuta na viwili vya rangi nzito, nyekundu iliyokoza au nyeusi, uviweke pembeni.
- Mito minne au mitano, hata ile ya kochi.
- Beseni mbili, sabuni isiyo kali, chumvi, boksi la glavu, pamba, mafuta ya mgando.
- Pampasi za watu wazima kama uwezo upo. Kama haupo, vitambaa vya pamba vinafaa, vichemshwe na vianikwe juani.
- Namba ya simu ya nesi au daktari anayemfahamu mgonjwa, imeandikwa kwenye karatasi ukutani, isiwe kwenye simu ya mtu mmoja tu.
- Watu wawili wa kuuguza angalau. Mtu mmoja hawezi, atajitahidi wiki mbili alafu ataanguka.

## Hatua ya 1: Uliza maswali kabla hamjatoka hospitali

Wengi wanatoka wodini na mfuko wa dawa na neno "mpelekeni nyumbani", basi. Sisi tulitoka hivo hivo na hatukuambiwa hata kama maumivu yatakuja, na ikatugharimu wiki nzima mama analia usiku.

Uliza: Ni kitu gani kinaweza kutokea, maumivu, kutoka damu, degedege, kushindwa kupumua? Kila kimoja kikitokea nifanye nini? Nani nimpigie usiku? Dawa ikiisha naipata wapi? Akishindwa kumeza dawa nampaje? Kama amewekewa mpira wa mkojo, nani anaubadilisha?

Kama hospitali yako haina mofini ya maji, yani ile dawa kali ya kutuliza maumivu, wala mtu wa tiba shufaa, uliza wapi ipo. Dar wengi wanaanzia Ocean Road, taasisi ya kansa, Arusha hospitali ya Selian wana historia ya kufuata wagonjwa majumbani. Kenya kuna Nairobi Hospice tangu 1990 na hospisi nyingine, yani vituo vya tiba shufaa, kaunti kadhaa. Uganda kuna Hospice Africa Uganda tangu 1993, na kule hata nesi aliyefunzwa maalum anaruhusiwa kuandika mofini, sio lazima daktari. Kwingine unazunguka zaidi, ila usikubali jibu la "hakuna" kutoka kwa mtu mmoja.

Hatua hii imekamilika kama mtu yeyote pale nyumbani, hata binti wa kidato cha pili, akiamshwa saa tisa usiku anajua ampigie nani.

## Hatua ya 2: Gawaneni zamu na mteue msemaji mmoja

Andikeni zamu kwenye daftari. Anayelala usiku alale kweli mchana. Mwanaume nae awe kwenye zamu, kugeuza mgonjwa mzito ni kazi ya nguvu na baba kuoshwa na mwanae wa kiume mara nyingi ndo anavopenda mwenyewe.

Msemaji mmoja ndo anayeongea na daktari na ndo anayejibu ukoo. Bila hivo atakuja shangazi na mizizi, baba mdogo na hospitali nyingine, wifi na maombi ya kukesha, na mgonjwa anavutwa kama kamba huku dawa zake zinasahaulika. Wasikilizeni wote kwa heshima, ila mezani pa dawa awe mtu mmoja.

## Hatua ya 3: Maumivu yafuate saa, yasisubiriwe

Hapa ndo watu wengi wanaanguka, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mofini ya maji inafanya kazi kama masaa manne alafu inaisha mwilini. Ukisubiri mpaka mgonjwa alie ndo umpe, itachukua karibu nusu saa kuanza kufanya kazi, na muda huo maumivu yameshapanda juu, unahitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha kuliko ambayo ingetosha kuyazuia yasirudi. Ukimpa kwa saa zilizopangwa, maumivu hayapati nafasi ya kurudi.

Ratiba inayotumika sana ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Dozi ya saa 4 usiku mara nyingi wanaiandika mara mbili ili mgonjwa na wewe mlale bila kuamka saa 8 usiku, ila hio iwe imeandikwa na daktari, usijiamulie. Weka alamu tano kwenye simu. Kila ukimpa andika saa, kiasi, na maumivu yalikuwaje. Mwambie aonyeshe kwa vidole vya mkono mmoja, ngumi maana yake hakuna maumivu, vidole vitano maana yake hayavumiliki.

Maumivu yakipenya katikati ya dozi mbili, kuna dozi ya ziada. Uliza ni kiasi gani, iandike, na inayofuata usiiruke, itolewe kwenye saa yake kama kawaida. Ukiona dozi za ziada zimekuwa nyingi kwa siku, mpigie nesi dozi ya kawaida ipandishwe. Na kama unataka kumuosha au kubadilisha kidonda, panga kazi hio nusu saa baada ya dozi.

Sasa hofu. "Atakuwa teja." Mtu anayepewa mofini kwa maumivu ya kansa, kwa kipimo cha daktari, hatafuti starehe, anatafuta kulala. "Itamuua." Ikitolewa kwa mdomo, ikaanzwa kidogo na kupandishwa taratibu, haimuui. Nimekuta chupa imejaa juu ya kabati kwa mzee mmoja kwa sababu familia ilikuwa inaitunza kwa ajili ya "maumivu ya mwisho", na mzee yule alikuwa amejikunja kitandani wiki ya pili hanyooki. Tulianza kumpa dawa ile ile kwa saa zake, siku ya tatu aliomba redio.

Mambo ya kutegemea: siku mbili tatu za kwanza atasinzia sana, kichefuchefu kinaweza kuwepo siku chache, omba dawa yake. Hivo viwili vinapungua vyenyewe. Choo kigumu hakipungui, kinakuwepo muda wote anaotumia mofini, ndo maana dawa ya kulainisha choo inaanza siku ile ile na inaendelea kila siku, usisubiri afunge choo siku tano. Watu wa tiba shufaa wanatumia hata mbegu za papai zilizokaushwa pale dawa inapokosekana.

Tahadhari: kama amelala na hashtuki hata ukimtikisa, pumzi zimekuwa chache na nzito tofauti na kawaida yake, au ameanza kurukaruka misuli na kuona vitu visivyokuwepo, usimpe dozi inayofuata, piga simu kwanza. Usikatishe mofini ghafla kwa uamuzi wako. Chupa mpya inaweza kuwa na nguvu tofauti na ya zamani hata kama zinafanana, soma kila chupa ina miligramu ngapi kwa mililita na umuonyeshe nesi. Na ifungiwe mbali na watoto.

Hata asiyeweza kuongea anaumia. Angalia paji la uso limekunjamana, anaguna ukimgeuza, anashika shuka kwa nguvu. Dawa ikifanya kazi uso unalainika, mabega yanashuka, anageuzwa bila kukaza mwili.

## Hatua ya 4: Mdomo, kila baada ya masaa mawili

Hii inadharauliwa kuliko zote. Mgonjwa wa siku za mwisho anapumua kwa mdomo, mate yanakauka, ulimi unapasuka, na kiu anayoisikia zaidi iko mdomoni.

Chukua kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, tia chumvi kidogo sana ya kubana kwa vidole viwili. Funga kitambaa laini kwenye kidole chako, chovya, kamua kisichuruzike, pita kwenye fizi, ndani ya mashavu, juu ya ulimi taratibu. Malizia mafuta ya mgando kwenye midomo, safu nyembamba tu. Usitumie limau, linazidi kukausha na linachoma penye mchubuko. Ukiona utando mweupe usiotoka, hio ni fangasi, mwambie nesi, dawa yake ipo na inafanya kazi haraka.

Mama yangu wiki ya mwisho hakuweza tena kunywa. Nilikuwa nachovya kipande cha pamba kwenye maji ya dafu namgusisha mdomo wa chini, anafunga midomo juu ya ile pamba, anaivuta kidogo, alafu anaachia. Mara tatu nne anageuza uso, basi kashiba. Saa nyingine ulimi ulikuwa unatoka kuifuata pamba. Mdomo wenye afya unaonekana hivo, una unyevu, ni wa pinki, hauna harufu, na mgonjwa anaufungua mwenyewe akikuona na kikombe.

## Hatua ya 5: Kumgeuza na kutunza ngozi

Mgeuze kila masaa mawili, kushoto, chali, kulia. Mwili ukilalia sehemu moja damu haipiti, ngozi inakufa, na kidonda cha kitandani kikishafunguka kwa mtu dhaifu hivi mara nyingi hakifungi tena.

Usimvute kwa makwapa. Tandika kanga iliyokunjwa mara mbili kuanzia mabegani mpaka chini ya makalio. Watu wawili, mmoja kila upande, zungusheni pindo la kanga mikononi karibu na mwili wake, hesabuni moja mbili tatu, nyanyueni kidogo na kumsogeza. Ukimburuza shuka linachubua ngozi. Mto mmoja mgongoni, mmoja katikati ya magoti, mmoja chini ya miguu ili visigino vielee hewani visiguse godoro.

Kagua kila siku wakati wa kumuosha: mfupa wa juu ya makalio, nyonga, visigino, viwiko, mabega, hata masikio. Kwenye ngozi zetu nyeusi hutaona wekundu, utaona pamekoza, ukigusa pana joto au pagumu kuliko pembeni. Hapo usipasugue wala usipake spiriti, ondoa uzito tu, asilalie upande huo.

### Kidonda kinachonuka

Naandika hili waziwazi kwa sababu harufu ndo inawafukuza watu chumbani na mgonjwa anajua. Mama aliacha kutaka wajukuu waingie kwa sababu hio.

Chemsha maji nusu lita na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe, osha nayo kidonda cha nje. Bandeji ikiganda iloweshe kwanza mpaka iachie yenyewe. Kisha muulize nesi kuhusu vidonge vya metronidazole, dawa ya kuua vijidudu, wanaelekeza visagwe viwe unga laini vinyunyizwe juu ya kidonda, na harufu inapungua ndani ya siku chache. Kwa kansa ya kizazi harufu inatoka ndani, usiingize kitu ukeni bila maelekezo, kuna namna yake wataifundisha. Chini ya kitanda weka beseni la mkaa mkavu usiowashwa, unavuta harufu. Udi na ubani vifukizwe sebuleni kama mnapenda, chumbani moshi unambana pumzi.

## Hatua ya 6: Chakula, yani kuacha kulazimisha

Nilimlisha mama uji wa lishe kwa kijiko huku dada yangu anamshika kichwa. Hakutaka. Alikuwa anafumba mdomo na sisi tunamwambia "mama kidogo tu, upate nguvu". Ule uji ukaenda njia ya hewa, akakohoa mpaka akabadilika rangi, na homa iliyofuata ya kifua ilimchosha kuliko kansa yenyewe. Nesi aliyekuja kesho yake hakunigombeza. Alikaa kwenye mkeka akanieleza kwamba mwili unaojifunga hauombi tena chakula, tumbo halisagi, na ninachokiweka hakiwi nguvu, kinakuwa mzigo. Tulikuwa tunaona hali chakula ndo maana anazidi kudhoofu, kumbe mwili ulikuwa umeshaanza safari na njaa ikaondoka yenyewe.

Na dripu je? Wiki za mwisho maji yanayoingizwa mshipani mara nyingi mwili hauwezi kuyatoa, yanajaa miguuni na kwenye mapafu, anaanza kukoroma kwa maji kifuani. Kuna hali ambazo inasaidia, kama kuharisha sana kwa mtu ambaye bado ana nguvu zake, kwa hiyo uliza, ila usimuite mtu wa duka la dawa aje aning'inize chupa kwa sababu ndugu wamesema hamfanyi kitu.

Fanya hivi: muulize anataka nini na mpe kidogo sana cha kile kile. Vijiko viwili vya mchuzi wa samaki, juisi ya ukwaju, kipande cha barafu. Awe macho, ameegeshwa amekaa, ameze kimoja kabla ya kingine, akikohoa acha. Akikataa mwambie "sawa mama, utaniambia ukitaka". Mafanikio hapa hayapimwi kwa sahani tupu.

Najua uchungu wake. Kwetu kumlisha mtu ndo kumpenda, na kuacha kijiko unajiona umemtupa. Mikono inayotaka kazi ipeleke kwenye ile hatua ya mdomo na kwenye kumpaka mafuta miguu.

## Hatua ya 7: Kukaa naye

Vuta kigoda, kaa macho yenu yalingane. Usisimame mlangoni. Zima televisheni kama hajaitaka. Mshike mkono au kisigino, wengine hawapendi kushikwa, utaona.

Usimwambie "utapona tu". Anajua. Ukimwambia hivo umemfungia mlango wa kusema yaliyo moyoni. Sema "nipo hapa", alafu uliza "kuna kitu kinakusumbua?" na ukae kimya, kimya cha kweli, hata dakika tano. Mama yangu alihangaika usiku tatu, anavuta nguo, anataka kushuka kitandani, tukadhani dawa. Nilipouliza ndo akasema kuna elfu sitini ya kikoba aliyopewa na jirani aitunze na hajairudisha, iko ndani ya foronya. Tuliitoa usiku ule ule, jirani akaitwa, akaipokea mbele yake na kumwambia tumesameheana. Alilala mpaka asubuhi.

Kwa hiyo uliza mapema akiwa bado anaongea: nani angependa kumuona, azikwe wapi, deni, ahadi, nani abaki na watoto. Andika. Asipotaka kuongea kifo usimlazimishe, na akitaka usimkatishe kwa kulia.

Wageni wawili wawili, dakika chache, bila vilio mlangoni na bila kupiga picha. Watoto waruhusiwe kuingia, waelezwe kwa maneno mepesi kuwa bibi anaumwa sana na hatapona, wakitaka kutoka watoke. Ndugu wa mbali wapigiwe, mdogo wake mama aliyeko Muscat tulimuwekea simu sikioni akamsomea dua, mama hakujibu ila alifungua macho.

Dini ni ya mgonjwa, sio ya muuguzaji. Kama ni Mkatoliki muite padre mapema, kabla hajashindwa kumeza na kuongea, apate kitubio, mpako wa mafuta na komunyo. Kama ni Muislamu, alakiniwe shahada, yani atamkiwe aifuatishe, kwa sauti ya chini, akishaitamka usimrudierudie ukamchosha, isipokuwa ameongea neno lingine baada yake, na aelekezwe kibla kama kumgeuza hakumuumizi.

## Hatua ya 8: Masaa ya mwisho, utakachokiona

Ntakieleza chote, maana asiyejua anakimbilia bajaji.

Analala karibu siku nzima. Mkojo unapungua na kuwa mzito. Mikono na miguu inapoa, inabadilika rangi, madoa madoa kama ramani kwenye magoti. Pumzi inabadilika, inaenda haraka, inasimama, unahesabu sekunde kumi, ishirini, unadhani basi, alafu inarudi. Kifuani kunaweza kukoroma kwa sababu mate hayamezwi tena. Mlio ule unatisha sisi tunaosikia, yeye mara nyingi haumsumbui.

Kinachofanyika: mlaze ubavu, kichwa kimeinuka kidogo, mate yatoke yenyewe. Fungua dirisha, mpepee taratibu usoni, upepo wa usoni unapunguza hisia ya kukosa hewa. Mdomo endelea nao. Dawa ya maumivu usiiache kwa sababu tu amelala, ila ukiona dalili za ile tahadhari ya hatua ya 3 piga simu kwanza. Akiwa hamezi uliza nesi, mara nyingi wanaelekeza itiwe matone machache machache ndani ya shavu au wanabadilisha njia. Ongea naye kama anasikia, na msigombanie mirathi pembeni ya kitanda.

Zile kanga za rangi nzito ni kwa ajili ya damu. Ikitoka kwa wingi ifunikeni nazo, kwenye kitambaa cheupe damu kidogo inaonekana nyingi na mgonjwa anaogopa. Mshike, msiondoke, mmoja apige simu.

Piga simu pia kwa maumivu yasiyoshuka, degedege, au kuhangaika kusikotulia. Kwanza angalia kama kibofu kimejaa au choo kimefunga, vitu hivi viwili vinamhangaisha mtu sana na havionekani.

Mengine yote hayahitaji kukimbizana barabarani. Nimeona mgonjwa akifia kwenye kiti cha nyuma cha bajaji kwenye foleni, miguu ya baridi imening'inia, na mwanae amemshika shingo. Kama mlikubaliana afie nyumbani, kaeni.

## Hatua ya 9: Akishakata roho

Angalia saa, iandike. Hakuna haraka. Anayetaka kumuaga amuage.

Kisha fumba macho kwa vidole, shikilia kidogo. Weka taulo lililokunjwa chini ya kidevu au funga kitambaa taratibu kuzunguka kichwa, nyoosha mikono na miguu ndani ya masaa machache, kabla mwili haujakaza. Vaa glavu. Ondoa mito, acha mmoja. Mengine fuateni dini na mila yenu.

Mjulishe nesi au daktari, alafu mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa kwa ajili ya kibali cha mazishi. Kwa Tanzania kifo cha nyumbani kinatolewa taarifa ndani ya siku 30, na cheti kinatoka RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, tunza karatasi zote za hospitali maana zitaulizwa sababu ya kifo. Kenya unaanzia kwa naibu chifu. Fanya hili mapema, nimeona wajane wanahangaika na akaunti ya benki mwaka mzima kwa sababu ya cheti.

Mofini iliyobaki irudishwe hospitali iliyoitoa, usimpe jirani hata kama nae anaumia, dozi ile haikupimwa kwake. Mpira wa kutandikia, beseni na mito vioshwe kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, vianikwe juani siku mbili, alafu muulize nesi ni nyumba gani inavihitaji. Mpira wa mama yangu ulienda nyumba nne.